Ndege Aliyewekwa Mezani Pamoja na Paka

Kuna Jumapili moja imekataa kunitoka kichwani, mwanangu. Nimeolewa tangu wakati huo, nimezaa, nimezika, lakini nikikaa peke yangu na kikombe changu cha chai bado ninavisikia vicheko vya saloni, sebule ya baba yangu, na hasira inanipanda upya kana kwamba wageni wale hawajaenda kwao. Watu huniambia, "Maman Nsimire, yale yalikuwa mambo ya ndege tu, achana nayo." Sijaachana nayo. Keti nikusimulie, halafu utaniambia mwenyewe kama yalikuwa mambo ya ndege tu.

Tulikaa Cimpunda, kule juu ya ziwa, ambako nyumba zimebanana kwenye mteremko, hata ukimwaga maji ya kuoshea sahani yanamfikia jirani wa chini, na matusi yake yanakufikia wewe. Nilikuwa kifungua mimba, msichana wa miaka kumi na sita. Baba yangu, Papa Cirhuza, alikuwa mhasibu katika bilo moja, ofisi ya mjini. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji, na karo zetu alilipa. Nasema haya ili usifikiri nilizaliwa na mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kupenda kutazamwa. Akinunua viatu, Cimpunda yote ilijua. Akipewa mkono na mkubwa wa bilo yake, tulisikia habari ya mkono ule mwezi mzima.

Nyumbani tulikuwa na paka jike mwenye madoa, jina lake Minusi, na mbwa mwekundu aliyeitwa Komando. Minusi ndiye aliyelinda magunia yetu ya maharagwe. Kabla hajaja, panya walikuwa wanakula kabla yetu. Baba alimsifu mbele ya kila mtu: "Huyu paka yangu, panya yoyote ikisogea tu, imekufa!" Kumbuka maneno hayo, maana yeye mwenyewe aliyasahau.

Basi siku moja rafiki yake, dereva wa lori anayetoka msituni upande wa Shabunda, akamletea zawadi ndani ya kikapu kilichofungwa kamba. Kasuku. Wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili, na macho ya njano yasiyopepesa. Manyoya ya mabawa yake yalikuwa yamekatwa kwa mkasi, upande huu na upande ule, ovyo ovyo, kama nywele za mtoto aliyejinyoa mwenyewe. Sisi hatukuwahi kufuga ndege yeyote ndani ya nyumba. Kuku tuliwajua, lakini kuku ni wa kuchinjwa, si wa kutazamwa. Kasuku huyu, baba alimtazama, naye akamtazama baba kwa jicho moja, na baba akacheka kwa furaha.

"Anaangalia bantu sawa Direkta wetu ku bilo!" akasema. "Jina yake ni Direkta."

Akamtengenezea tundu la waya kwa fundi mmoja wa Kadutu. Tundu lilikuwa zuri, sikatai. Lakini aliliweka wapi? Juu ya kigoda, katikati ya saloni, ili kila anayeingia alione kwanza. Kigoda, mwanangu! Pua ya Komando ilikuwa inafika pale pale kwenye sakafu ya tundu. Siku ya kwanza mbwa alibweka hadi sauti ikakauka. Minusi hakubweka, paka habweki. Alikaa chini ya kigoda akatazama juu, saa baada ya saa, ncha ya mkia ikicheza kidogo tu. Na ndege alijibandika kwenye waya wa nyuma, hana pa kurudi zaidi.

Hakutoa sauti. Watoto wa jirani walikuja kumfundisha kusema "bonjour", akawa kama jiwe. Baada ya muda mfupi nikaona manyoya madogo ya kijivu sakafuni kila asubuhi nilipofagia. Alikuwa anajinyonyoa kifua mwenyewe. Ngozi ilionekana, ya waridi, ina vidonda.

Nikamwambia baba, "Papa, ndege anaumia. Anaogopa imbwa na paka."

"Haogopi," akasema. "Unaona vile anatulia? Anazoea bantu."

Mwanangu, hilo ndilo neno la kwanza lililonikasirisha. Kiumbe amekufa ganzi kwa hofu, wewe unasema ametulia! Nilichukua kitenge changu cha zamani nikafunika pande tatu za tundu ili awe na pa kujificha. Siku hiyo kwa mara ya kwanza alikula karanga akazimaliza. Jioni baba akarudi, akavuta kitenge akakitupa kwenye kiti.

"Nani anafunika Direkta? Bageni bataona nini, kitambaa?"

Nilimwendea mama jikoni. Alikuwa anakoroga bugali, hakugeuka. "Ni ndege ya papa yako," akasema. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Lakini niliondoka jikoni nikijua kwamba katika nyumba ile yote, ndege yule hakuwa na mtu.

Wageni walikuja kila Jumapili baada ya misa. Watu wa bilo, watu wa kwaya, jirani wenye suti. Baba aligundua mchezo: alimshika Komando kwa ukosi, akamtoa ndege, akamweka mgongoni mwa mbwa. Kucha za ndege zilishika manyoya ya mbwa, mbwa akatetemeka kwa hamu ya kugeuka, na watu wakapiga makofi. Walioona wakawaambia ambao hawajaona. Jumapili iliyofuata saloni ilijaa. Na baba, akiwa amelewa makofi yale, akatangaza:

"Jumapili yenye kuya, mutaona mambo. Paka na ndege batakula mu sahani moja! Mu nyumba ya Cirhuza hakuna adui."

Nilikuwa nimebeba sinia ya soda. Nikasema pale pale, sikuweza kujizuia: "Papa, Minusi atamukamata."

Baba akageuka kwa wageni, akafungua mikono. "Munasikia? Mutoto mwanamuke anataka kunifundisha nyumba yangu."

Wakacheka. Mzee mmoja mnene wa kwaya, aliyekuwa karibu na mlango, alicheka hadi akajifuta machozi. Ningali ninakikumbuka kitambaa alichojifutia.

Jumapili hiyo ikafika, na pamoja nayo akafika koko yangu, mama yake baba, kutoka Mumosho. Hakuna aliyemwita kwa ajili ya ndege. Alikuja na kikapu cha viazi vitamu kama kawaida yake, miguu ina vumbi la njia, akaketi pembeni kwenye kiti cha chini akaomba maji. Wageni walimsalimu kwa heshima kisha wakamsahau, kama watu wa mji wanavyomsahau bibi wa shamba.

Baba akaomba nafasi. Sahani ya wali ikawekwa katikati ya meza. Akamtoa Direkta, akamweka upande mmoja wa sahani. Ndege akainama, kifua kitupu, mabawa yaliyokatwa yameachana kidogo na mwili. Halafu baba akaenda mwenyewe nyuma ya nyumba, akamwinua Minusi kwa mikono yake miwili, akaja naye akimbembeleza, akamweka mezani upande wa pili.

Sasa nikuulize wewe uliyesoma. Ulidhani paka atafanya nini? Atasema sala ya chakula?

Sikuuona mkono wa Minusi ukienda. Niliona ndege yuko chini. Alipiga mabawa, lakini mabawa ya mkasi hayabebi kitu, akaanguka ubavuni kwenye saruji, na damu imetoka chini ya bawa. Komando, ambaye kijana mmoja alikuwa amemshika, akachomoka. Nilijitupa sakafuni nikamfunika ndege kwa sketi yangu na mwili wangu. Mbwa alinigonga mgongoni. Na ndege, maskini, hakujua kwamba mimi ni rafiki. Aliniuma kidole hiki, tazama, alama yake hii hapa, akang'ang'ania, nami sikumtoa. Niliona ni haki yake.

Na juu yangu, mwanangu, kuna watu walikuwa wanacheka. Si wote, baadhi walipiga kelele za hofu. Lakini kicheko kilikuwepo. Niko magotini, damu yangu na ya ndege zimechanganyika kwenye sketi ya misa, na mtu mzima aliyetoka kupokea komunyo anacheka.

Baba aliaibika. Na mtu wa kupenda kutazamwa akiaibika, lazima atafute wa kubeba ile aibu. Alimkamata Minusi kwa ngozi ya shingo, akamwinua juu.

"Muuaji! Mimi ninamulisha, yeye ananiharibia! Leo unaenda mu ziwa. Nsimire! Leta gunia!"

Nilibaki chini.

"Nsimire, unasikia? Leta gunia!"

"Sileti, Papa."

Sikupaza sauti. Lakini nyumba nzima ilisikia, maana kwetu mtoto hakumjibu baba hivyo, tena mbele ya watu. Baba alimpokeza mtu paka, akanijia na mkono juu. Sikufunga macho. Nilikuwa na hasira kubwa kuliko hofu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Cirhuza. Shusha mukono."

Alikuwa koko. Hakusimama. Alikuwa bado na kikombe chake cha maji.

"Mama, we acha, huyu mutoto..."

"Nimesema shusha mukono." Baba akaushusha. "Sasa unijibu, mbele ya bageni yako, sababu uliwaita baone. Nani alibeba paka akamuweka ku meza?"

Baba akatazama sahani ya wali.

"Mi niko muzee lakini macho iko. Nimeona mikono mbili, na ilikuwa mikono yako. Ule paka anashika panya, unamusifu mu kartie yote, kwa kila jirani. Leo amefanya kazi yake ile ile, unamuita muuaji. Na ule ndege alikuwa na musitu, mukamutoa. Alikuwa na mabawa, mukamukata. Alikuwa na kitambaa ya kujificha, mama ya huyu mutoto ameniambia, ukakitoa. Ulimubakishia nini? Ulimubakishia kifua tu, na yeye mwenyewe ameinyonyoa." Akaweka kikombe chini. "Kama unatafuta muuaji mu hii nyumba, basi tafuta gunia yenye inakutosha wewe."

Mzee wa kwaya alitafuta kofia yake. Mmoja mmoja waliaga kwa kunong'ona, wakatoka wakitazama viatu vyao. Baba alikaa kwenye kiti chake, uso kwenye viganja. Mtu aliyemshika Minusi akamweka chini, na Minusi akaenda zake nyuma ya nyumba kujilamba, kama asiye na kesi.

Nilianza kulia. Koko akanijia, akaniambia kwa ukali, "Usilie sasa. Ukilia unatetemeka, na ukitetemeka ndege anatetemeka. Utalia kesho." Akamwaga viazi vyake sakafuni, akatandika kitambaa ndani ya kikapu, tukamweka ndege humo, tukafunika juu tukiacha nafasi ya hewa, tukampeleka katika chumba alicholala koko kila akija. Mama ndiye aliyefunga mlango, kisha akatoka mbio bila kumuuliza baba ruhusa, akamtafuta daktari wa mifugo nyumbani kwake. Yeye alizoea ng'ombe na mbuzi, lakini alikuja. Akaosha jeraha, akatoa dawa, akatuonya kwamba mate na kucha za paka ni sumu kwa ndege hata kama mchubuko ni mdogo, na kwamba tusihesabu amepona kwa sababu tu amefumbua macho.

Alipona. Bawa moja lilining'inia hadi mwisho wa maisha yake, kwa hiyo msitu ulikuwa umefungwa kwake. Hilo halikurekebishika, na sitalipaka sukari.

Lakini nisikufiche kilichoniuma zaidi ya mbwa na zaidi ya kidole. Wiki ile yote, watu waliotukuta njiani hawakuuliza kama ndege yu hai. Waliuliza, "Ni kweli Nsimire alimukatalia papa yake mbele ya bantu?" Kosa lilikuwa limekuwa langu! Mzee wa kwaya alisimulia kisa kile kama kichekesho, akiigiza nilivyojitupa chini. Mama alishauriwa anifunde adabu. Mtu anaweza kumweka kiumbe mbele ya kifo ili wenzake wapige makofi, na hiyo ni burudani. Msichana akikataa, huo ni utovu wa heshima. Nilitafuna hasira ile kama nyama ngumu, na mpaka leo sijaimeza.

Baba hakunisemesha kwa muda mrefu. Alipita karibu yangu kama anapita mvuke. Kisha alasiri moja nikasikia nyundo. Alikuwa kwenye stoo ndogo, ile iliyokuwa na dirisha, ameshatoa magunia, anapiga misumari ya komeo kwenye mlango. Nikasimama. Hakugeuka; alimaliza mlango, akapiga msumari mwingine juu ukutani.

"Unadhani tundu ikikaa hapa, iko juu ya kutosha?" akauliza.

Nikatazama. "Juu kidogo, Papa. Na mbali na dirisha. Minusi anapita ku bati."

Akatoa msumari, akapandisha. Hayo ndiyo maneno yake yote ya kuomba radhi, na niliyapokea, kwa sababu nyundo haisemi uongo. Tundu likafungwa ukutani kwa waya mnene, pande mbili zimefunikwa. Chumba kile kikawa cha ndege, mlango ukifungwa muda wote, na anayeingia anaufunga nyuma yake kabla hata ya kusalimu. Manyoya ya kifua yalirudi. Siku moja tukiwa mezani tukasikia mluzi wa baba, ule wa kumwita Komando, na baba alikuwa amekaa nasi anakula. Mbwa alikimbia uani kumtafuta bwana wake. Baba alicheka hadi akaacha kijiko, na mimi nikacheka naye, na hicho ndicho kicheko kuhusu ndege yule ambacho sikukichukia.

Usitegemee nikuambie kwamba baadaye paka na ndege walipendana. Hawakupendana kamwe. Minusi alipita mbele ya mlango ule akinusa upenyo wa chini mpaka alipozeeka. Amani ya nyumba yetu ilikuwa ni mlango uliofungwa, na ilikuwa amani ya kweli.

Sasa nitakuambia kwa nini nimekusimulia leo. Ninyi mna simu. Juzi kijana wa parokia yetu alinionyesha video akidhani nitafurahi: mtu ameshika kinda la ndege mbele ya pua ya paka, na sauti za watu nyuma zinacheka. Nilimrudishia simu yake. Nilimuuliza, "Na baada ya video kukatika, kilitokea nini?" Hakujua. Hakuwa amejiuliza! Na barabarani bado naona kasuku wamefungwa mguu kwa kamba, jua linawapiga, mtu anatangaza bei. Hao wametoka msituni kama alivyotoka wa kwetu, na wengi hufa kabla hawajafika sokoni. Usiniambie ukimnunua unamwokoa. Ukimnunua, mwenye kamba anarudi msituni kuleta mwingine.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kama moyo wako unataka ndege, tafuta aliyezaliwa mikononi mwa watu, au aliyeachwa na mtu aliyemchoka, na kabla hajavuka kizingiti chako uwe umeshaandaa chumba ambacho paka hana ufunguo wake. Tundu liwe juu na lisitikisike, liwe na upande wa kujificha, maana kiumbe asiye na pa kujificha hapumziki hata akilala. Usimweke karibu na jiko la makaa. Moshi unaotukohoza sisi unamuua yeye. Mbwa umzoeshe polepole, kwa kamba na kwa mbali, na siku atakapomzoea, bado usiwaache peke yao. Paka usimpige kwa kuwa paka. Wewe ndiye mwenye akili ya kufunga mlango, na ukiacha wazi, kosa usilitafute kwenye kucha zake. Na ndege akinyamaza kwako, usijisifu kwamba ametulia. Muulize mwili wake, tazama kifua chake, tazama anachoacha kwenye sahani.

Na kama hayo yote ni mazito, basi usimlete. Hakuna atakayekucheka, na akikucheka, muache acheke.

Lakini siku utakapokuwa kwenye saloni ya mtu, na mtu huyo ni mkubwa, na watu wote wanapiga makofi, na wewe unaona kiumbe anatetemeka mezani, awe ndege, awe mbwa, awe mtoto wa mtu, usisubiri awepo bibi kutoka Mumosho. Sema wewe. Sauti yako itatetemeka, iache itetemeke.

Mungu akupe moyo usiocheka pasipochekesha. Akupe nyumba ambayo kila chenye pumzi, cha manyoya na cha mabawa, kinalala ndani yake bila hofu. Na watoto wako wakikuambia siku moja, "Papa, anaumia," akupe masikio ya kuwasikia mara ya kwanza.